Mshika Kamba

Chai ilikuwa tayari, imefunikwa kwa sahani, lakini Syprose alikataa kuimimina mpaka aelezwe vizuri. Alikuwa ameketi nyuma ya cherehani yake kwenye kibaraza cha duka moja karibu na Daraja Mbili, mjini Kisii, sare za shule zimemzunguka kila upande. Mbele yake walisimama vijana wawili waliofika asubuhi hiyo kutoka Mombasa na furushi kubwa kuliko godoro. Mmoja alikuwa mwanawe wa pekee, Owino. Mwingine alikuwa Angwenyi, mzamiaji wa bandarini, na ndiye aliyekuwa akihojiwa.

"Nieleze polepole, Angwenyi. Mimi si mtu wa bahari. Mtoto anaingia kwa maji na mtungi kwa mgongo. Hewa ikiisha?"

"Anatoka kabla haijaisha, mama."

"Akisahau?"

"Hawezi kusahau. Amefungwa kamba hapa kiunoni, na mimi niko juu nimeishika. Akivuta mara moja, ni mzima. Mara mbili, anataka nimwongezee kamba. Mara nne, nimtoe. Na akinyamaza, mimi ndiye namvuta kumwuliza."

"Mama, usimsumbue mtu," Owino alisema huku akicheka. "Cheti umeshakitundika ukutani, sasa maswali ya nini?"

Ni kweli, kilikuwa ukutani chumbani mwake, nyuma tu ya kibaraza, kati ya kalenda ya 1973 iliyobakiza siku chache na picha ya marehemu mumewe. Kilikuwa na umri wa wiki mbili. Owino alikuwa amekipata baada ya miezi mitatu ya kumeza maji ya chumvi, na Angwenyi ndiye aliyemshawishi aache kupaka rangi meli ajiunge na mafunzo. Watu wa Kisii walipoambiwa kwamba Mjaluo, mtu wa ziwani, amefuzu kuzamia waliuliza, hiyo nayo ni habari? Hawakujua kwamba huyu alizaliwa papa hapa mjini, baba yake akifagia wodi za hospitali, na kwamba ziwa la kwao alilifahamu kwa njia ya samaki wa kukaanga. Mpaka anatimiza miaka ishirini na mitatu, Owino hakujua kuogelea hata kidogo.

Sasa alihitaji kuzamia mara kumi ili Januari apewe kazi kamili, mshahara kamili na chumba. Alikuwa amezamia mara sita. Msimamizi wao alikuwa amewaazima seti moja ya vifaa waje nayo likizo, kwa sharti moja tu: Owino asiingie majini bila Angwenyi. Angwenyi mwenyewe hakuruhusiwa kuzamia, kwa sababu ngoma ya sikio lake ilipasuka mwezi wa kumi na daktari alimpiga marufuku hadi mwaka mpya.

Syprose alimtazama kijana huyo wa Kikisii kwa muda mrefu. Alimpenda. Alikuwa amemshonea suruali ya harusi bila kumtoza hata senti.

"Kamba itakuwa kwa mkono wako? Si wa mtu mwingine?"

"Kwa mkono wangu, mama."

"Haya," Syprose akafunua birika. "Kunyweni chai. Imepoa lakini mtajua wenyewe, mmechelewesha na maneno."

*

Nyumbani kwao Angwenyi, mwendo mfupi kutoka soko la Nyaramba, kulikuwa na shimo. Wakandarasi waliojenga barabara walichimba mawe pale miaka mitano mfululizo, barabara ikafika walikotaka ifike, nao wakaenda zao wakaacha shimo lenye kina cha futi arobaini pamoja na vyuma vibovu ambavyo havikuwafaa tena. Mvua ikalijaza. Wenyeji waliliita Enyancha, yaani ziwa, kwa mzaha, na wakawakataza watoto kulikaribia. Angwenyi alilifikiria shimo hilo tangu Mombasa.

Si kwa ajili ya Owino peke yake. Tuseme ukweli. Kwa miaka minane Angwenyi alikuwa akifanya kazi ambayo hakuna mtu kwao aliyeielewa, na mtu asiyeeleweka hupewa jina. Yeye alipewa la mwosha meli. Baba yake, Mzee Machogu, shemasi wa kanisa la Sabato na mkulima wa chai, hakumwita hivyo, ila hata hakumtetea.

"Watu wananiuliza," mzee alimwambia Jumamosi jioni walipotoka kanisani. "Wanasema, mtoto wako anaosha meli kwa sabuni? Mimi nawajibu, labda."

"Kesho waje waone, tata."

"Nitakuja. Lakini utavaa nini?"

Angwenyi alilijua swali lenyewe. "Kaptura," alisema. "Ya kuogelea."

"Basi nitakaa upande ule mwingine. Nitaelezwa."

Hivyo ndivyo mambo yalivyo kwa Wakisii. Baba na mwanawe aliyetahiriwa wana haya zao, chinsoni, na mtu mwenye adabu haonyeshi mapaja yake mbele ya mzazi. Kwa mama wa mkewe ndiyo kabisa. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia shambani ili mwenzake apite. Mkwe akikuona nusu uchi, hilo ni jambo la kuitiwa wazee na kuchinjwa mbuzi. Angwenyi alikuwa mtu wa Mombasa kwa miaka minane, lakini haya hazibaki kituoni mtu anapopanda basi.

Asubuhi ya Jumapili, Kwamboka, mkewe, aliwaandalia viazi vitamu na maziwa. Owino hakula sana. Alikuwa mezani na daftari lake la kuzamia, lile ambalo kila mwanafunzi hupewa, akijaza mistari kwa herufi za kupendeza.

"Unaandika nini na bado hujaingia?" Kwamboka alimwuliza.

"Naokoa wakati, shemeji. Mahali, Nyaramba. Kina, futi thelathini. Nikitoka nitaandika saa tu."

"Si mngewaonyesha huo mtungi hapa uani, mkapumua, ikaisha?"

"Kupumua hapa uani hata mbuzi anaweza," alisema Angwenyi, na wote wakacheka, Owino zaidi ya wote. Alikuwa na kicheko cha kumfanya mtu amsamehe deni.

*

Watu walikuja kama wanaokuja kwenye harusi. Wakatoliki walikuwa wametoka misa, Wasabato walikuwa wamepumzika tangu jana, na kila mmoja alivaa nguo zake nzuri. Walikaa kwenye kingo za shimo, wakatandika leso, wakamenya ndizi. Mzee Machogu aliketi juu ya jiwe nyuma ya lundo la kokoto, mgongo wake kwa maji na uso wake kwa mashamba ya chai, fimbo kati ya magoti.

"Ameingia?" aliuliza.

"Bado, mzee. Anavaa viatu vya bata."

"Vya bata?"

"Ndiyo. Mbavu zangu!"

Owino alipovaa miwani na mkanda wa vipande vya risasi vya kumzamisha, mtungi mgongoni, watoto walipiga mayowe na mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Angwenyi alishuka naye hadi maji ya kiunoni, akakagua kila kifungo, akamfunga kamba kwa fundo aliloliamini. Hapo alikuwa mtu mwingine kabisa. Hakutabasamu wala hakutazama watu.

"Usiende katikati. Fuata ukuta. Dakika ishirini, basi. Mara nne ni nini?"

"Unitoe."

"Mara mbili?"

"Kamba. Angwenyi, nimefuzu, ndugu yangu."

"Najua umefuzu."

Owino alizama. Maji yalijifunga juu yake, kisha povu likaanza kupanda, dogodogo, la furaha. Angwenyi alirudi ukingoni akiwa na kaptura yake tu, maji yakimchuruzika, kamba mkononi, jicho kwenye saa. Dakika ya tatu kamba ilivutwa mara moja. Akajibu mara moja.

"Anasema ni mzima," aliwatangazia.

"Anasema ni mzima!" wakamfikishia Mzee Machogu kule nyuma ya kokoto, na mzee akapiga fimbo chini mara mbili. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Basi haoshi meli." Angwenyi alisikia. Hakuna siku aliyowahi kufurahi kama hiyo.

Dakika ya saba mtu akapiga kelele kutoka barabarani. "Angwenyi! Mkweo! Mkweo anapita!"

Barabara ilipita juu tu ya shimo, na Nyanchera, mama yake Kwamboka, alikuwa akirudi kutoka sokoni na kikapu cha ndizi kichwani. Hakuna aliyemwalika. Aliuona umati, akasimama. Angwenyi hakuinua macho kuhakikisha. Damu ilimpanda usoni, na mwili wake ukaamua kabla ya akili. Karibu yake alisimama Ongeri, mtoto wa baba yake mdogo, mfugaji wa ng'ombe watatu na mtu wa kutumainiwa.

"Shika hii. Akivuta mwachie. Nakuja sasa hivi."

Akamtupia kamba, akaruka ukuta wa mawe, akatumbukia ndani ya chai.

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Kila mwanamume pale alijua angefanya vilevile, na ndiyo maana walicheka sana. Angwenyi alichuchumaa kati ya mistari ya michai, mikono imekumbatia magoti, matawi yakimchoma mbavu. Nguo zake alikuwa nazo Kwamboka, naye Kwamboka alikuwa upande wa pili, na kati yao kulikuwa na barabara alikosimama mkwe. Kutoka pale alipojificha hakuweza kuona maji. Alisikia tu.

"Ongeri, ng'ombe wako anavuta!"

"Namwachia! Huyu anapenda malisho!"

Kicheko kingine. Angwenyi alitazama saa. Dakika ya kumi. Akataka kuita aulize anavuta mara ngapi, lakini akiita, mkwe angejua yuko wapi. Akangoja. Hebu fikiria: mtu mzima, mwenye vyeti vitatu, amechuchumaa ndani ya chai kama mwizi wa kuku, akimwomba Mungu mwanamke mzee apite na kikapu chake.

"Anavuta tena!"

"Basi achukue yote!"

Dakika ya kumi na tano Kwamboka alikuja akiwa ameinama, suruali ameificha chini ya leso. Aliivaa juu ya kaptura mbichi, akafunga kifungo kimoja, akatoka mbio.

Nyanchera alikuwa bado kando ya barabara. Alikuwa amejifunika leso kichwa chote mpaka kifuani, na mgongo wake ulikuwa kwa shimo. Angwenyi alimpita bila kumtazama vizuri.

Kamba ilikuwa imekwisha. Ongeri alishika ncha yake akitabasamu.

"Amevuta mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Kila akivuta, ni mara ngapi, Ongeri?"

Ongeri alifikiri kwa uaminifu wote. "Nne. Kila mara nne. Nikamwachia, anatulia, halafu nne tena. Si uliniambia nimwachie?"

*

Kamba waliivuta wanaume sita. Ilikuja mikono mitano, ikakaza, ikakataa. Povu lilikuwa bado linapanda, mahali pamoja, katikati hasa ya shimo. Hilo ndilo lililokuwa baya. Angwenyi aliujua mtungi ule kama mwanamke anavyoujua mtungi wake wa maji, ukiwa umejaa ni kiasi gani, na mtu mwenye hofu huumaliza kwa muda gani. Owino alikuwa na dakika kumi. Pengine saba.

Aliingia na suruali yake. Alifuata kamba kwa mikono, na kwenye futi kumi sikio lake likapasuka upya, maumivu yakamfikia hata kwenye meno. Maji ya chini yalikuwa meusi kama ya kuoshea sufuria. Alishuka hadi akagusa kitu laini, na kitu hicho kikamshika kifundo cha mkono.

Owino alikuwa hai. Angwenyi alipapasa haraka: bega, mtungi, na nyuma ya mtungi waya wa chuma mnene kama kidole gumba, wa winchi waliyoiacha wakandarasi. Ulikuwa umemnasa kwenye shingo ya mtungi. Hilo peke yake si kitu. Mtu huvua mtungi. Lakini kamba, ile kamba ndefu aliyoachiwa kila alipoomba atolewe, ilikuwa imelegea na kumzunguka, juu ya vifungo, juu ya waya, juu ya mkono mmoja. Angwenyi alitafuta mwanzo wake asiupate. Kifua kikaanza kuwaka. Akataka kupanda, na mkono wa Owino haukumwachia.

Ilimbidi aviondoe vidole vile kimoja kimoja. Alianza na kidole gumba.

"Panga!" alipiga kelele alipoibuka. "Nipeni panga!"

Hakuna aliyekuwa nalo. Katika kata nzima hakuna nyumba isiyo na panga, na siku nyingine yoyote wanaume kumi wangekuwa nalo mkononi, lakini leo walivaa suti. Wanawake wawili walikimbilia nyumba ya karibu, viatu mkononi. Kisu kidogo cha kumenyea ndizi kililetwa. Kamba ilikuwa ya meli, kisu kikavunjika aliposhuka mara ya pili. Alipopanda, povu lilikuwa likija kwa vipindi. Alikaa juu akihema, macho kwenye lile povu, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na la kufanya kwenye maji.

"Kuna nini?" Nyanchera aliuliza kutoka barabarani, leso bado usoni, mgongo bado umegeuzwa. "Mbona watu wanalia? Jamani, niambieni, siwezi kuangalia."

Panga lilifika. Povu lilikuwa limekoma kitambo kidogo, labda dakika mbili. Alishuka nalo, akakata, akafungua, akamtoa Owino, na ule mkono haukumshika tena. Wanaume walimpokea ukingoni. Angwenyi alimlaza, akambonyeza kifua, akampulizia pumzi kama alivyofunzwa, akahesabu, akarudia. Alirudia hadi jua likahama, hadi baba yake akatoka nyuma ya kokoto, akaja akasimama mbele yake na kumwona katika hali ile, amelowa, shati hana. Mzee akavua koti lake, akamwekea mabegani.

"Inatosha," Mzee Machogu alisema. "Mwache mtoto wa watu."

*

Askari waliandika kwamba ni ajali. Walichukua vifaa, daftari, na jina la kila mtu, wakampeleka Owino mjini kwa lori lililozoea kubeba majani ya chai.

Nyumbani kwa Machogu watu walijaa uani siku nzima ya Jumatatu. Angwenyi aliketi kwenye kigoda, pamba sikioni, na kila aliyeingia alimpa pole, kisha akamsifu. Hilo hakuwa amelitegemea. Alijiandaa kwa lawama, akajua atazibeba vipi. Sifa hakujua aziweke wapi.

"Ulijiheshimu," jirani mmoja alisema. "Wengine wangebaki hapo na mapaja nje."

"Vijana wa pwani wameharibika, wewe hukuharibika."

"Mkwe ni mkwe. Ungefanya nini?"

Mzee mmoja aliuliza kama kweli mkwe hakumwona hata kidogo, kwa sababu kama alimwona, mbuzi lazima achinjwe, msiba au hakuna msiba. Wakaanza kujadiliana. Walimjadili yule mbuzi kwa nusu saa, rangi yake na nani wa kumtoa, na jina la Owino halikutajwa hata mara moja. Hawakuwa watu wabaya. Mbuzi walijua namna ya kumshughulikia.

Ongeri alikuja jioni akasimama mlangoni, hataki kuingia. Macho yalikuwa yamevimba.

"Kaka, wewe uliniambia akivuta nimwachie."

"Nilikuambia."

"Ng'ombe akivuta ukimkazia anajinyonga. Mimi nilidhani..."

"Ongeri, nilikuambia mimi. Kwa mdomo wangu. Nenda ukalale."

Kwamboka alikuwa amesikia. Ongeri alipoondoka, alikuja akaketi chini karibu na mumewe, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi mbele ya watu.

"Kesho nitaenda na wewe kwa mama yake."

"Hapana."

"Utamwambia nini?"

Alikuwa amejaribu sentensi kadhaa tangu asubuhi, na zote zilianza vizuri.

*

Cherehani ilikuwa imesukumwa ukutani na kufunikwa kitambaa. Wanawake wa Kijaluo waliketi kwenye mikeka kibarazani, na mlangoni alisimama Obura, ndugu ya marehemu baba yake Owino, aliyefika kutoka ziwani kuchukua maiti. Alimpima Angwenyi kwa macho kuanzia viatu.

"Wewe ndiye mwalimu wa maji? Mtu wa mlimani?"

"Ni mimi."

"Ziwa tunalo sisi. Hakuna mtu wetu amekufa kwa shimo la barabara." Obura hakusogea. "Unataka nini?"

"Mwache aingie," sauti ya Syprose ilitoka ndani. "Huyo amekula hapa."

Alikuwa ameketi kitandani, miguu imenyooka mbele, kitambaa cheusi kichwani. Hakulia. Inaonekana alikuwa amemaliza, au alikuwa amepumzika. Cheti kilikuwa bado ukutani. Mapajani mwake kulikuwa na daftari la kuzamia, ambalo askari walimrudishia pamoja na saa na viatu.

"Keti," alimwambia. Angwenyi akaketi sakafuni, ingawa kiti kilikuwepo.

"Obura anajua kusoma, lakini sikutaka anisomee yeye. Nisomee wewe. Ya mwisho."

Alilipokea. Karatasi zilikuwa kavu. Daftari halikuingia majini. Herufi za Owino zilikuwa zimesimama wima, za mtu anayetaka kazi.

"Mara ya saba," alisoma. "Tarehe thelathini Desemba. Mahali, Nyaramba. Kina, futi thelathini. Maji, baridi." Akashusha kidole hadi chini. "Saa ya kutoka, hakuandika."

"Umeruka."

"Mama?"

"Kuna mstari umeruka. Sijui kusoma, lakini najua kuhesabu mistari."

Angwenyi aliangalia chini. "Mshika kamba," alisoma, "Angwenyi."

Nje mtu alianza wimbo wa kanisa, wengine wakaupokea kwa sauti ya chini. Syprose alingoja wamalize ubeti.

"Askari amesema kuna mtu mwingine alishika. Nikamwambia, hapana, nilimwuliza mwenyewe, akaniahidi hapa hapa. Nikamwambia askari, umekosea mtu."

"Hakukosea, mama."

Basi akamwambia. Hakuanza na zile sentensi zake. Alimwambia juu ya kaptura, barabara, kikapu cha ndizi, chai, dakika nane. Alimwambia alichomwambia Ongeri, neno kwa neno. Alimwambia kwamba Owino aliita kwa namna aliyofundishwa, bila kukosea hata mara moja. Kuhusu vidole hakumwambia, hata leo hajamwambia mtu.

Syprose alisikiliza huku akikunja na kukunjua pindo la nguo yake. Angwenyi alipomaliza, aliliachia pindo.

"Mkwe," alisema. "Hata kwetu iko hivyo. Mama yangu mzazi alikuwa akisikia mume wangu anakohoa barabarani, anaingia kwa mahindi. Sikulaumu kwa heshima." Kisha akamgeukia, na swali lake halikuwa na hasira, lilikuwa la mtu anayetaka kujua jambo liende likae mahali pake. "Lakini yeye, huyo mkweo. Alikuona?"

Angwenyi alifungua mdomo kujibu, na ndipo alipomwona tena, Nyanchera, kando ya barabara, leso imefunika kichwa mpaka kifuani, mgongo umegeuzwa. Kikapu kilikuwa kimewekwa chini vizuri, kimepangwa, hakikutupwa kwa haraka. Mama yule alikuwa amesimama vile kwa muda mrefu. Alikuwa amesimama vile tangu walipopiga kelele kwamba mkwe anapita, kama Mzee Machogu alivyokaa nyuma ya kokoto tangu asubuhi, bila kuombwa na mtu.

"Hapana, mama," alisema. "Alikuwa ameshageuka."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Syprose alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu aliyeelezwa njia akaielewa. Akanyoosha mkono, akachukua daftari, akalifunga. Kisha, kwa kuwa mgeni ni mgeni, akaita nje kwa Kijaluo wamletee kijana huyu chai.